Siku Mbili Mbarara Bila Ugonjwa

Jumamosi, tarehe kumi na sita, mwezi wa kumi na moja. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi ukungu ulikaa juu ya ziwa, na matope ya barabarani yalikuwa ya kawaida, hayakuzidi ya wiki iliyopita.

Ndivyo nilivyoandika katika daftari langu siku tuliyotoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, kwenda mjini Mbarara kupumzika. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, na sina hakika kama mambo ya siku mbili zile yanastahili kuandikwa. Lakini watu walikwisha kuyasema, tena kwa namna yao, basi na mimi niyaseme, msomaji apime mwenyewe.

Chanzo ni binti yetu. Tulizaa mapacha wa kike, ndiyo maana kila mtu anamwita mke wangu Mama Mapasa. Mmoja ameolewa. Mwingine, wa miaka kumi na tisa, tuko naye nyumbani, na ndiye aliyekuwa akisoma kwenye simu habari za watu wa Ulaya. Alisema huko watu wakichoka na kazi, Ijumaa jioni wanapanda treni kwa bei ndogo, wanafika mji mwingine, wanatembea, wanakunywa chai, wanalala siku mbili, wanarudi.

"Kuko mugonjwa kule banaenda?" mke wangu akauliza.

"Hapana, mama."

"Kilio?"

"Hakuna kilio. Banaenda tu."

Mke wangu aliendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, bila kuniangalia, kwamba katika miaka kumi na mmoja tuliyokaa kambini amefika Mbarara mara nne. Mara tatu ilikuwa hospitali, na mara moja kuchukua maiti. Akasema angependa kufika mara ya tano bila sababu.

Nilimwambia kwamba treni hapa hakuna. Niliona ni haki aelewe hilo mapema. Akasema anajua, yeye si mtoto. Treni aliiona mara moja tu, akiwa msichana, Kalemie, kule nchini kwetu, walipokwenda na baba yake kumsindikiza mjomba. Iliondoka na mjomba, wao wakabaki wamesimama wanapunga mikono, na hiyo ilikuwa safari nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. "Kama treni haiko," akasema, "basi teksi."

Palizi ilikuwa imekwisha. Sikupata sababu ya kukataa, ingawa niliitafuta.

Sasa inafaa nieleze jambo moja kwa mtu ambaye hajakaa kwetu. Kambini, wale wanaoitwa kwenda kuishi nje, Kanada au Amerika, hawasemi. Faili likifunguka mtu ananyamaza, kwa kuogopa wivu, na wengine wanaogopa mambo mabaya zaidi ya wivu. Anaendelea kulima, anaendelea kuimba kanisani, halafu siku moja anavaa nguo safi, anabeba mkoba mdogo, na akiulizwa anasema anakwenda Mbarara mara moja. Ukimwambia, "Wewe unaenda nje," atakataa. Kwa hiyo kukataa kwetu si kukataa. Mwenye faili anakataa, asiye na faili anakataa, na watu wanamhesabu asiye na faili kuwa anakataa vizuri zaidi.

Tatizo letu lilikuwa jirani. Alifika mwaka tuliofika sisi, anatoka milima ile ile ya kwetu. Mashamba yetu yanapakana. Yeye na mke wangu wanalima pamoja, siku mbili kwetu, siku mbili kwake, na mwaka ule mke wangu alipolala na malaria, jirani ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko. Mimi nilikuwepo lakini kijiko kilikuwa kwake. Huyu jirani alikuwa na mdogo wake wa kike, wa tumbo moja. Mdogo huyo alisema anakwenda Mbarara kung'oa jino. Baada ya wiki tatu alipiga simu kutoka Kanada. Tangu siku hiyo, ukitaja Mbarara mbele ya jirani yetu, ni kama umetaja makaburi.

Alhamisi alikuja akasimama mlangoni, hakuketi.

"Mama Mapasa, nasikia munaenda Mbarara."

"Tunaenda."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Basi munaenda kufanya nini?"

"Kupumzika. Siku ya Mungu, jioni, tuko hapa."

Jirani aliniangalia mimi, kisha akamrudia yeye. "Mutu anatoka kwake kwenda kupumzika fasi hana kitanda?"

"Tutalipa kitanda."

"Kitanda unacho hapa."

Hilo lilikuwa kweli.

"Sikia," jirani akasema, na sauti yake ikashuka. "Kama faili limefunguka, uniambie mi peke yangu. Sitasema kwa mutu. Sitalia. Dada yangu alinifanya mujinga mbele ya batu bote, nikawa naulizwa habari zake kisimani na mi sijui. Wewe usinifanye vile."

"Nakuambia ukweli."

"Njo vile na yeye alisema." Akafunga kitenge chake vizuri. "Muende na Mungu." Kwetu maneno hayo anaambiwa mtu anayekwenda mbali.

Nilimshauri mke wangu tuahirishe. Alisema akibaki, atakuwa amebaki kwa ajili ya uongo ambao hakuusema. Akienda atarudi, jirani atamwona kwa macho, na mambo yatakwisha. Nilimkubalia. Sijui kama nilimkubalia kwa kuwa alikuwa na haki, au kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupiga pasi suruali.

Tulipita Kaberebere, tukafika Mbarara saa nne, tukashuka Ruti ambako loji si ghali. Mwenye loji alikuwa mama Mwislamu mwenye duka la vitambaa mbele na vyumba nyuma. Alituangalia kuanzia viatu.

"Nyinyi nakuja hospitali?"

"Hapana, mama."

"Kesi?"

"Hatuna kesi."

"Sasa nakuja fanya nini?"

"Kupumzika," nikasema. Neno hilo lilikuwa linazidi kunipa aibu kila nilipolitoa.

Akamnyooshea mke wangu kidole. "Huyu ni bibi yako?"

"Ni bibi yangu."

"Ya nyumbani?"

"Ya nyumbani. Miaka ishirini na mmoja."

"Ssebo! Wewe natoa bibi ya nyumbani, naleta yeye kwa loji?" Alicheka mpaka akashika meza. Akamwita mwenzake wa duka la pili. "Nnyabo, kuja! Kuja ona mzee amekuja na bibi yake mwenyewe!" Yule wa pili alikuja, akaona, akarudi kazini. Sisemi walitudharau. Mwenye loji alitupa chumba chenye dirisha kubwa kwa bei ya chumba kidogo, akasema watu kama sisi hawavunji vitu.

Mke wangu aliketi kitandani na viatu vyake.

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunapumzika."

"Tumeanza?"

"Nadhani tumeanza."

Tukakaa. Nje mtu alikuwa akigonga bati. Baada ya nusu saa mke wangu aliona ufagio nyuma ya mlango, akafagia chumba, kisha ukumbi, na angefika dukani kama mwenye loji asingempokonya. Ndipo akasema, "Twende tuone fasi watu wanaondokea." Alitaka treni. Kwa kuwa treni hakuna, tulikwenda kituo cha mabasi ya Kampala.

Mkoba tulikwenda nao. Sisemi mwenye loji ni mwizi. Nasema kufuli lilikuwa dogo.

Kituoni tulipata benchi, tukanunua chai na chapati moja, tukagawana, tukakaa kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja tukiangalia mabasi. Basi likijaa, linapiga honi, watu wa chini wanapiga kelele, wauza maji wanakimbia pembeni, linatoka. Kisha lingine linaingia mahali pale pale. Kwa basi la kwanza mke wangu alikaa akinywa chai. Kwa la pili alinyanyua mkono kidogo. Kwa la tatu alisimama, akatoa leso, akapunga, na mwanamke mmoja dirishani ambaye hatukumjua akampungia naye mpaka basi likakata kona. Mke wangu akaketi, akakunja leso. Alikuwa anacheka peke yake. Nimeishi naye miaka mingi na sikuweza kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimwona hivyo, na nilijilaumu kidogo, halafu nikaacha, kwa sababu tulikuwa tumekuja kupumzika.

Hapo ndipo shemasi wa kanisa letu alipotuona. Huwa anakuja Mbarara kununua sabuni za kuuza kambini. Alituona tumevaa vizuri, mkoba miguuni, basi la Kampala mbele yetu, na mke wangu ameshika leso. Alikuja akatusalimu kwa mikono miwili.

"Mungu awatangulie," akasema.

"Amina," nikajibu. Kosa hilo ni langu. Lakini mtu akikuombea kwa Mungu huwezi kumwambia hapana.

"Basi yenu ni ya saa ngapi?"

"Hatuna basi," mke wangu akasema. "Tunaangalia tu."

Shemasi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa siri akakubali kuitunza. Alitununulia chupa moja ya maji, akaenda. Nadhani hakukusudia ubaya. Nadhani pia simu aliitoa kabla hajafika kwenye sabuni.

Jumapili asubuhi tulitembea mjini, tukaangalia maduka, tukakaa kivulini. Mke wangu alitaka kumpelekea jirani mkate, kwa sababu mtu anayetoka mjini harudi mikono mitupu. Alishika mkate, akauweka. Wanaoondoka huacha zawadi. Mkate ungekuwa ushahidi. Akasema tupeleke chumvi, chumvi si zawadi. Nikamwambia mdogo wa jirani alimwachia chumvi na sahani mbili. Tulirudi mikono mitupu.

Tulifika kambini saa tisa. Watoto wa njiani walituona, wakapiga kelele, wakakimbia mbele yetu kama tumefufuka. Binti yetu alitueleza habari zote hata kabla hatujakaa. Asubuhi kanisani shemasi alikuwa amesimama, akasema hatataja majina, halafu akatutaja. Wakatuombea ndege isipate shida hewani. Korali ikampa mama mwingine nafasi ya mke wangu ya kuanzisha nyimbo, kwa muda, walisema. Kuhusu binti kubaki, walieleza kwamba mtu wa miaka kumi na tisa huwa na faili lake mwenyewe. Watatu walikuja kumwuliza nyumba itabaki na nani.

Tena mzee mmoja alikuja kukiri kwamba mbuzi aliyekula mihogo yetu mwaka juzi alikuwa wake. Kwetu mtu akiondoka watu wanasameheana, hata wasiosemeshana wanashikana mikono, kwa kuwa hakuna tena siku ya kugombana. Mzee alimwomba binti atufikishie maneno hayo huko tuliko. Aliposikia tumerudi alipita tena, akasema labda ni mbuzi wa mtu mwingine.

"Na jirani?" mke wangu akauliza.

"Hakwenda kanisani, mama. Amefunga mlango tangu jana."

Mke wangu alikwenda hapo hapo, na viatu vya mjini. Nilimfuata, nikidhani nitasaidia.

Jirani alikuwa amefungua mlango sasa, amekaa kizingitini anamenya mihogo. Hakuinua macho.

"Karibuni," akasema. "Kumbe Kanada ni karibu vile."

"Nilikuambia tutarudi siku ya Mungu jioni."

"Mumesahau nini? Karatasi?"

"Hatukusahau kitu. Tulilala Ruti. Tulienda kuangalia mabasi."

"Muliangalia mabasi."

"Ndiyo."

"Mulipanda?"

"Hapana."

"Masaa ngapi?"

Nikasema ni masaa matatu, kwa sababu ndiyo yalikuwa matatu.

"Na wewe, Baba Mapasa, mutu mukubwa," jirani akasema. "Shemasi aliona mukoba."

Nilimweleza habari ya kufuli. Nilipokuwa nikieleza, nilisikia mwenyewe jinsi maneno ya kweli yanavyoweza kupangwa moja juu ya lingine mpaka yakafanana na uongo.

Jirani aliweka kisu chini. Nilitegemea atukane, na ningeshukuru. Lakini alisema kwa upole, kama anaongea na mgonjwa: "Mama Mapasa, haina shida. Umerudi kuniaga, dada yangu hakufanya hata ile. Nakusamehe yote. Uende na roho nyeupe."

Hapo niliogopa. Alikuwa amekwisha kumzika mke wangu, na kumzika vizuri, hana hasira naye tena. Hata tungekaa kambini miaka kumi mingine, angetutazama kila asubuhi kama watu wa kuaga. Mke wangu aligeuka akatazama upande wa shamba. Kisha akasema:

"Na mistari yangu miwili ya maharagwe?"

Jirani akainua macho. "Mistari gani?"

"Ile ulivuka nayo. Kwenye mupaka, upande wa muhogo. Ulipanda mistari miwili kwangu. Niliona tangu inaota, nikanyamaza."

"Mi nimevuka?"

"Umevuka."

"Mi?"

"Wewe. Miwili. Na siku ya kuvuna nitavuna nayo, hata ulie."

Jirani alisimama, mihogo ikadondoka. "Miaka kumi na mmoja nalima na wewe, leo unaniita mwizi? Juu ya maharagwe? Twende! Twende tuione sasa hivi! Na bwana yako akuje apime, si anajua kuandika!"

Walitangulia wakigombana, wakipokezana maneno bila kupumua. "Unalima kama mutu anakimbizwa!" "Na wewe unalima kama mutu analala!" Katikati ya njia jirani akasimama ghafla, nami nikakaribia kumgonga.

"Yale maharagwe yataiva mwezi wa kwanza," akasema.

"Najua," mke wangu akajibu.

"Na utavuna wewe?"

"Nani mwingine? Nitavuna yangu, na ile miwili."

Jirani alimtazama usoni. Aliutazama uso ule kwa makini sana, kama mtu anayesoma karatasi ya ofisi. Kisha akapiga kelele, "Tutaona!" na ilikuwa sauti yake ya kila siku.

Nilipima. Nilianzia jiwe la barabarani mpaka kisiki, kwa hatua, nikahesabu kwa sauti ili wote wawili wasikie. Sikufurahia nilichokiona, kwa hiyo nilirudia nikianzia kisiki. Ikawa vile vile. Waliovuka mpaka ni sisi, kwa mstari mmoja na nusu.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri juu yake, sitaficha. Lakini nilisema.

Mke wangu aliniangalia kwa namna ambayo sitaieleza. Jirani alipiga makofi, akacheka, akaketi katikati ya maharagwe, na kucheka kule kukageuka kidogo, akajifuta macho kwa kitenge, akasema ni moshi, ingawa hapakuwa na moto.

"Mwizi!" akamwambia mke wangu. "Mwizi wa mistari! Tena mwizi wa kulala loji!"

"Hata wewe ungelala, ni kuzuri kule. Dirisha ni kubwa."

"Kesho saa kumi na mbili ni kwangu. Ukuje na jembe. Kama hauko, mi nitang'oa mustari wote, na ile nusu."

"Nitakuwa."

Wakati wa kurudi nilimwuliza mke wangu kama kweli aliamini ni jirani aliyevuka. Alisema aliona hivyo kwa macho yake. Namwamini, ingawa si kawaida yake kuona kitu shambani na kukaa nacho miezi miwili bila kunena. Nilimwuliza pia kama alipumzika. Alifikiri, akasema jana, kwenye basi la tatu.

Jioni mke wangu alimtuma binti kwa jirani kuomba mawese kidogo. Binti alirudi na kikombe kitupu na ujumbe kwamba mafuta yapo, lakini si ya watu wanaovuka mipaka. Mke wangu alicheka, akatia chumvi. Tulikula bugali na lengalenga, mchicha wa kwetu, bila mafuta, na yeye akajipakulia mara ya pili.